Bonde la Msimbazi: bustani ya nani, na geti litakaa wapi

Jamani habari za mchana. Walioko nyuma mnanisikia? Haya, spika ikianza kukoroma mniambie. Nimeombwa niongelee mito ya mjini na maeneo ya wazi, mada pana kweli, mi nitaibana iwe mto mmoja tu, Msimbazi, huu unaokatiza Dar es Salaam, maana humu ndani hakuna ambaye hajawahi kukwamishwa na ule mto hata kama hajawahi kuchovya mguu. Mvua ikipiga usiku kucha asubuhi barabara ya pale bondeni Jangwani imefungwa, mabasi ya mwendokasi hayapiti, mtu wa Kimara anayefanya kazi Posta anaanza kuwaza azungukie wapi, akienda Kigogo nako kumejaa. Mji wote huu unakatika vipande viwili kwa ajili ya mto ambao kiangazi mtoto wa darasa la pili anauvuka maji hayajamfika magotini.

Tuuangalie huo mto kwanza. Unaanzia milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, unatembea kama kilomita 35 hivi mpaka daraja la Salender unaingia baharini. Njiani unapokea wenzake, Luhanga, Ubungo, Sinza, mto Ng'ombe. Zamani huko juu kulikuwa na msitu na mashamba, mvua ikinyesha ardhi inakunywa, yanayobaki yanashuka taratibu. Siku hizi ni bati kwa bati, zege, na nyua zilizofagiliwa mpaka zinang'aa, tone halina pa kuzama, kwa hiyo maji ya Kinyerezi, Segerea na Tabata yanafika bondeni kwa mkupuo mmoja, na hayaji peke yake, yanakuja na mchanga.

Mchanga ndo stori yenyewe. Kingo huko juu zinamomonyoka, kuna watu wanachimba mchanga wa kujengea humohumo mtoni, vijito vinapanuka vinakula nyumba za watu, na mchanga wote huo unashuka mpaka pale ardhi inapokuwa tambarare, na hapo ndipo Jangwani. Unalala chini ya daraja, masika hii kidogo, masika ijayo tena kidogo, mpaka uwazi wa chini unabaki kiduchu, halafu yanakuja maji na magogo na magodoro na chupa za plastiki, daraja linaziba, maji yanapanda barabarani. Kijiko kinaletwa, ile mashine ya kuchimbia, kinachota mchanga kinaumwaga pembeni, mvua ya kwanza inaurudisha ulipokuwa. Tumelipia mafuta ya kijiko miaka na miaka. Na kama siku hiyo bahari nayo imejaa, wavuvi mliopo humu mnaijua bamvua, basi pale Salender maji ya mto yanakutana na maji ya bahari, hayatoki, yanarudi nyuma kutafuta pa kulala. Yanalala kitandani kwa mtu wa Hananasifu.

Sasa wakubwa wa zamani hawakuwa wajinga. Mji huu umekuwa na mipango mikuu, wa 1949, wa 1968, wa 1979, na bonde lile lilikuwa linaachwa wazi kwenye ramani, eneo la hatari, msijenge. Sheria ya mazingira ya 2004 ikaja ikasema mita 60 kutoka ukingoni hakuna shughuli ya kudumu wala inayoweza kuharibu mto. Kwenye karatasi tuko vizuri sana. Chini huku watu wakajenga, na mi siwezi kuwalaumu kirahisi maana mtu anafanya vibarua Kariakoo, nauli ndo hiyo, kiwanja salama kiko Chanika, atalala wapi? Ila kabla hamjamnyooshea kidole mtu wa Mchikichini mkumbuke kwamba na karakana ya mwendokasi tuliijenga palepale Jangwani, kwenye bonde, mvua ilipokuja mabasi mapya yakaogelea. Aliyejenga pale si maskini wa kukosa kiwanja.

Desemba 2011 mnaikumbuka. Walikufa watu zaidi ya 40, maelfu wakakosa makazi, serikali ikawapa viwanja Mabwepande, huko pembezoni mwa mji. Wengi walienda, wengi walirudi pia, kwa sababu Mabwepande ile ya wakati ule hakuna kazi, shule mbali, na mteja wako wa maandazi yuko Magomeni. Halafu mwisho wa 2015 kuingia 2016 zikaja zile alama za X nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa, na tingatinga. Nyumba zikaangushwa. Na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo kilichonileta leo, baada ya nyumba kuangushwa palibaki nini? Palibaki patupu. Hakuna aliyepanda mti wala kuweka njia ya kutembea wala hata goli mbili za mpira, na patupu mjini hapakai patupu. Kwanza likaja jalala, kikaja kifusi cha watu wanaojenga kwingine, ikaja gereji bubu, wakaja wachimba mchanga, na mwisho mabanda yakaanza kurudi moja moja. Mnaweza kuzunguka Dar yote mkaangalia viwanja vya wazi vilivyochorwa kwenye ramani za mitaa, kimoja leo ni baa, kingine kituo cha mafuta, kingine parking ya malori, na ukiuliza jirani atakwambia pale palikuwa pori tu, hapakuwa na kazi.

Kwa hiyo mi naona tingatinga halijawahi kulinda mto hata siku moja, na bango la MARUFUKU ndo kabisa. Kinacholinda mto ni watu kuwa na haja nao kila siku, mama anapita pale kwenda sokoni, vijana wana mechi saa kumi, mzee ana benchi lake na bao lake. Siku mtu akija na lori la kifusi watu hao ndo watapiga kelele, tena bila posho.

Tukumbuke hata jalala lenyewe lilivyotolewa Tabata. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji, kesi ya 1988, moshi na harufu vimewachosha, Jaji Lugakingira akawapa haki. Ni kweli dampo likahamia Vingunguti, halafu Mtoni, halafu Pugu Kinyamwezi, yaani tulilitembeza mji mzima kama maiti isiyo na ndugu, lakini angalau Tabata walijua pale ni pao wakasimama.

Sasa mradi uliopo. 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, Uholanzi na Hispania wakaongeza zao, ndo huo Mradi wa Bonde la Msimbazi mnaousikia. Kuna daraja jipya Jangwani, refu, karibu mita 400, limeinuliwa juu ili mto upite chini kwa raha zake. Kuna kuchimba na kupanua mkondo, kunyanyua ardhi pembeni kwa ngazi ngazi, kurudishia miti huko Pugu na Kisarawe, na katikati kwenye lile bonde inatakiwa iwe bustani kubwa ya mji. Karakana inatolewa pale. Kiinjinia mi nimeridhika kwa sehemu kubwa, kwa mara ya kwanza mtu amekubali kwamba mto unahitaji pa kulala wakati wa masika. Bustani ile kazi yake ya kwanza ni kufurika. Msije mkaona nyasi ziko chini ya maji mwezi wa nne mkaanza kuposti kwamba hela zimeliwa, hapana, hapo ndo inafanya kazi.

Wenzetu Singapore walikuwa na mfereji wa zege kwenye bustani ya Bishan, kilomita 2.7, umenyooka kama rula. Wakavunja zege, wakaurudisha mto upindepinde na majani na mawe, ukawa mrefu zaidi ya mfereji wenyewe, wakamaliza 2012. Hakuna fensi. Kiangazi watoto wako ndani ya maji, mvua ikianza kuna king'ora na taa na tangazo kwenye spika, watu wanapanda juu, maji yanajaa, kesho yakishuka maisha yanaendelea. Halafu kuna Seoul, Cheonggyecheon, ule kila mhadhara lazima wautaje na mi nautaja ili niwatahadharishe. Walibomoa barabara ya juu kwa juu, wakafukua mto uliokuwa umezikwa, karibu kilomita 6, kuanzia 2003 mpaka 2005. Pazuri, joto limepungua, watu wanajaa jioni. Ila maji mengi yale yanasukumwa kwa pampu kutoka mto Han, zima pampu uone. Na sisi pampu hatutaki, umeme wa luku wenyewe mnaujua.

Kwetu tatizo la maji ni jingine, ni uchafu. Hapa nitasema mambo yasiyopendeza muda wa chakula. Mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo, si mnajua, shimo limejaa, gari la kunyonya ni hela, njia yenyewe gari halipiti, unasubiri mvua kubwa unatoboa, maji yanabeba. Ongeza maji ya machinjio, ya gereji, ya viwanda. Na pembeni hapo kuna mchicha mzuri wa kijani unaomwagiliwa na maji hayohayo, jioni uko Buguruni sokoni fungu bei poa. Wataalamu wameshapima wakakuta metali nzito mtoni na kwenye mboga. Sa ukijenga bustani ya kifahari Jangwani bila kumsaidia mtu wa Vingunguti kunyonya choo chake kwa bei anayoiweza, utakuwa umejenga bustani pembeni ya karo la maji machafu. Mi ningekuwa na kalamu ya bajeti ningehamishia hela ya taa za urembo kwenye vyoo vya huko juu, mapema kabisa.

Sasa nije kwenye lile geti la kichwa cha mada. Nina wasiwasi na hili neno bustani ya kisasa, maana kwetu ikishakuwa ya kisasa inazungushiwa ukuta, inawekwa mlinzi, kiingilio buku mbili, keki za harusi na mapicha. Angalieni watu wa mji huu wanavyotafuta pa kupumua, daraja la Tanzanite lilipofunguliwa 2022 jioni watu wanaenda kupunga upepo darajani, magari yanapita mgongoni! Coco Beach Jumapili huoni mchanga kwa watu. Ni kiu hiyo. Na wanaoishi jirani na bonde ni Kigogo, Magomeni Suna, Mchikichini, Mkwajuni, vyumba vimebanana, watoto wanacheza barabarani na bodaboda. Ukiweka milango upande wa Upanga tu kwa sababu ndo kuna lami na parking, wale wa Kigogo wataiona kwa mbali na hawataona sababu ya kuilinda.

Najua kuna mtu atanitajia Karura, ule msitu wa Nairobi. Haki yake. Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya, na wenzake walipigwa pale Januari 1999 wakizuia msitu usigawiwe, na kabla ya hapo 1989 alizuia ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Leo Karura ina uzio wa umeme, ina kiingilio, na watu wanaipenda, wanawake wanakimbia mule peke yao bila hofu, zamani ilikuwa huthubutu. Sibishi. Lakini jirani zake wengi ni Muthaiga na Gigiri, mitaa ya wenye nazo, kiingilio kile kwao ni hela ya soda. Ukiipeleka hesabu ileile Kigogo, baba wa watoto wanne anapiga mahesabu anakuta Jumapili moja bustanini ni sawa na unga wa siku kadhaa, hendi, na patupu pakianza tena mnajua kinachofuata. Usalama unapatikana kwa taa, choo kinachofanya kazi, na watu wengi kuwepo, na njia pana inayounganisha mtaa na mtaa, ili mtu wa Magomeni akienda Kariakoo kwa mguu apite mulemule.

Mkienda kwenye mikutano ya mtaa msiulize tu fidia, ingawa fidia muulize, ulizeni na michoro: njia zinaingilia wapi, ngapi upande wetu, nani atafagia baada ya kontrakta kuondoka, hela ya kufyeka nyasi mwaka wa tano inatoka fungu gani. Vijana wa chuo cha Ardhi na Mlimani walishaonyesha njia na Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa inayofurika, walitembea mitaani na wenyeji wakachora mitaro na nyumba moja moja, wenyeji ndo waliokuwa wanasema hapa maji hufika usawa wa dirisha. Ujuzi ule usiishie kwenye kompyuta.

Haya, maswali. Naam kaka mwenye fulana ya Yanga, na wewe Jangwani ni nyumbani kwenu kabisa. [kicheko] Anauliza, machinga watakuwemo au watafukuzwa. Swali zuri. Seoul waliwatoa wachuuzi pembeni ya mto, wakawapeleka uwanja wa zamani wa Dongdaemun, haikupita miaka mingi uwanja nao ukabomolewa, wakahamishwa tena. Mi sitaki hiyo. Wapangwe mapema, kwenye mchoro wenyewe, ile ardhi iliyonyanyuliwa juu ambayo maji hayafiki, meza na mabanda ya kuhamishika maana Machi mpaka Mei hakuna wa kubishana na mto, na ushuru wao uwe mdogo na ubaki palepale kulipa wafagiaji, usiende kupotelea makao makuu. Na bustani bila muuza mihogo na kahawa saa moja jioni ni giza tupu, hakuna atakayekaa. Mwingine? Mama hapo mwenye kitambaa cha kijani, karibu.