Ngozi inapauka kipupwe: maji kwanza, mafuta yafuate

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tuko Kirumba, karibu na mwalo wanapoteremshia samaki, na huo upepo mnaousikia kwenye maiki ndio ulionifanya niandae video hii. Kuanzia Juni hadi Agosti huku Mwanza mvua ni ya kutafuta, upepo wa kusi unavuma, na asubuhi kunakuwa na baridi kwa sababu mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Watu wengi wananiuliza, mbona tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na bado ngozi zinatupauka? Ziwa lipo, lakini hewa inayokupita mwilini msimu huu ni kavu, na hewa kavu inanyonya maji kutoka kwenye ngozi mchana na usiku.

Maji. Shika hapo. Ngozi iliyoparara imepungukiwa maji, na mafuta hayaleti maji. Yanazuia yale yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana mtu anajipaka asubuhi juu ya ngozi kavu kabisa, saa nne viwiko vimeshakuwa vyeupe, anasema kauziwa mafuta feki. Mara nyingi mafuta hayana kosa. Yamepakwa wakati maji yameshaondoka.

Kwa hiyo tunaanzia bafuni. Maji yawe ya uvuguvugu. Najua saa kumi na mbili alfajiri ndoo inayofuka mvuke inavutia, lakini maji ya moto yanaondoa mafuta ya asili ambayo ngozi inajitengenezea yenyewe. Chovya kiwiko kama unampimia mtoto. Kikisikia moto, ongeza ya baridi. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Sabuni ipeleke kwapani, kwenye mikunjo na kwenye nyayo. Mikono na mapaja yasiyo na uchafu yanatakata kwa maji tu. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo, na dodoki usilisugue kwa nguvu kila siku.

Sasa hatua ambayo wengi wanaikosea. Kamera isogee hapa mkononi. Taulo silisugui, naligandamiza tu, hivi, halafu naliondoa. Mnaviona vitone vidogo vilivyobaki kwenye vinyweleo? Hivyo ndivyo tunavyovitaka. Kabla havijakauka, ndani ya dakika tatu hivi, nachota mafuta ya mgando kiasi cha harage moja, nayasugua viganjani mpaka yalainike, kisha napaka kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini. Angalia, hayanati na hayang'ai kupita kiasi, kwa sababu ni kidogo na ngozi ina unyevu. Hapo ndipo unavaa nguo.

Mafuta gani? Mimi nachagua ya mgando yasiyo na manukato: ni ya bei ndogo na yanazuia maji kuliko karibu kila kitu kilichopo dukani. Ya nazi ni mazuri pia, ila ni mepesi zaidi. Glisarini ichanganye na maji, ipake kwenye ngozi yenye unyevu, kisha juu yake weka mafuta. Ikipakwa tupu kwenye ngozi kavu inaweza kuvuta maji ya ngozi yenyewe. Kama uso wako una chunusi, tumia losheni nyepesi usoni.

Na tafadhali, dada zangu na kaka zangu, usiende kununua krimu ya kung'arisha ukidhani ni dawa ya kupauka. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, lakini bado mtu anaweza kukuuzia kwenye kopo lisilo na lebo. Zinakuharibia ngozi, na zebaki inafika hadi kwenye figo. Hili linaniuma kwa sababu naona hata watoto wanapakwa.

Tuje kwenye visigino. Jirani yetu huyu anaanika dagaa, kutwa yuko kwenye mchanga na ndala. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu." Naomba mguu wako, mama. Tazameni gaga hili kando ya kisigino: kingo zake ni nyeupe, ngumu, na katikati pamechanika mpaka pekundu. Tutalainisha kingo. Pale pekundu hatupagusi. Loweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi na tano, kisha jiwe la kusugulia lipite taratibu, kuelekea upande mmoja. Hapana wembe. Kausha, hasa katikati ya vidole, paka mafuta ya mgando mazito, vaa soksi za pamba, ulale. Rudia mafuta na soksi kila usiku. Jiwe mara moja au mbili kwa wiki. Gaga gumu sana linahitaji krimu yenye urea, kiungo kinacholainisha ngozi ngumu, kutoka duka la dawa, ila kwenye mchaniko ulio wazi itachoma. Mama, una sukari? "Sina." Vizuri. Mwenye kisukari asijisugue mwenyewe nyumbani. Akague nyayo zake kila siku na mchaniko wowote auonyeshe kliniki.

Mikono inayoshika chumvi, samaki au sabuni ya unga isuuze kwa maji safi na uipake kila ukimaliza. Midomo usiilambe, mate yakikauka yanaizidishia ukavu. Na mafuta ya mgando hayazuii jua: wenye ualbino losheni ya jua, kofia na mikono mirefu viendelee hata siku ya baridi.

Kuna mambo yanafanana na ukavu na siyo. Weupe unaonuka katikati ya vidole vya miguu mara nyingi ni fangasi. Kiduara chenye magamba na kingo zilizoinuka, hicho nacho mara nyingi ni fangasi. Kuwashwa sana usiku, na nyumba nzima inajikuna, fikiria upele; hapo mtibiwe wote kwa pamoja. Mtoto anayejikuna mikunjo ya viwiko na magoti mpaka inatoa majimaji anaweza kuwa na pumu ya ngozi. Hayo yapeleke kituo cha afya, na ukienda beba makopo yote ya ulivyokwisha kupaka, hata lile lisilo na lebo, daktari ayaone.