Wanawake Watatu wa Bunge la 1919

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Anayezungumzia wanawake wa Armenia na uongozi mara nyingi huanzia maandamano ya 2018 yaliyoiangusha serikali huko Yerevan, mji mkuu. Naomba nianzie mbali zaidi, Juni 1919.

Jamhuri ya kwanza ya Armenia ilikuwa na mwaka mmoja tu. Nchi ilijaa wakimbizi na mayatima walionusurika mauaji ya kimbari ya Waarmenia katika Dola ya Osmani, na njaa ilikuwa imewakaba. Katika hali hiyo watu wakapiga kura, wanaume kwa wanawake, na kati ya wabunge 80 wanawake wakawa 3: Perchuhi Partizpanyan-Barseghyan, Varvara Sahakyan na Katarine Zalyan-Manukyan. Ni wachache, nakubali. Lakini mwanamke wa Ufaransa aliisubiri haki ya kura hadi 1944.

Tena yuko Diana Abgar, ambaye sichoki kumtaja. Alizaliwa Rangoon, Burma (leo Myanmar), akahamia Japani, na mumewe alipofariki biashara ikabaki mikononi mwake. Mwaka 1920 akateuliwa konsuli wa heshima wa Armenia nchini Japani. Waarmenia waliokimbia kupitia Siberia walifika bandari ya Yokohama wakiwa hoi, naye akawahangaikia hati, malazi na meli za kwenda Marekani. Desemba mwaka huohuo jamhuri ikaanguka mikononi mwa Wasovieti, na cheo chake kikaenda nayo.

Wasovieti waliwatengea wanawake takriban theluthi ya viti vya bunge. Viti vilikuwepo, ila maamuzi yalifanywa na chama. Ndiyo maana uchaguzi wa ushindani ulipokuja mwaka 1990, idadi yao iliporomoka vibaya. Hapo ndipo panaponiuma.

Sasa tuje 2018. Akina mama walifunga barabara kwa vigari vya watoto. Usiku sufuria zikagongwa madirishani. Serikali mpya ilipotangazwa, mawaziri wanawake walikuwa 2. Wawili! Walioijaza mitaa walikuwa wangapi?

Desemba mwaka huo, sheria ikivilazimisha vyama kuwaweka wanawake kwenye orodha zao za wagombea, bunge likapata wanawake 32 kati ya wabunge 132. Na miezi miwili kabla, Vagharshapat, mji wenye makao makuu ya Kanisa la Armenia, ulikuwa umemchagua Diana Gasparyan kuwa meya. Ni mwanamke wa kwanza kuchaguliwa meya nchini humo, miaka 99 baada ya wale watatu.