Mgodi Ulipokuwa Ndio Serikali ya Mji

Hamjambo wazee wangu, hamjambo ndugu zangu. Ahsanteni kwa kunikaribisha Kisumu.

Mwenyekiti ameniomba niwaeleze habari za Zambia, nchi ya shaba. Nianzie kwenye reli, maana hiyo mnaijua: ilifika hapa mwaka 1901 na mji ukakua kando yake.

Zambia ilipojitawala Oktoba 1964, sehemu kubwa ya shaba yake ilikuwa ikisafirishwa kwa reli kwenda kusini kupitia Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 1965, Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, na walowezi wenzake wakajitangazia uhuru wao. Sasa fikirieni, mali yako yote inapita uani kwa jirani ambaye hamsalimiani. Mafuta yakakatika. Yakawa yanaletwa kwa mapipa kutoka Dar es Salaam, mengine kwa ndege, mengine kwa malori yaliyokula vumbi njia nzima na kurudi yamepakia shaba. Bomba la mafuta kutoka Dar hadi Ndola, Zambia, likakamilika 1968. Kuhusu reli mpya ya kwenda Dar, ile inayoitwa TAZARA, Benki ya Dunia ilisema haitakuwa na faida. China ikakopesha bila riba, kazi ikaanza 1970, na kufikia 1975 njia ilikuwa imefika Kapiri Mposhi, ndani ya Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar.

Waliowahi kufanya kazi reli wataniunga mkono hapa. Njia yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067, ili ioane na reli za kusini. Tofauti hiyo hata kiganja haijazi, lakini behewa la Kisumu haliwezi kupita pale. Kule Kidatu, TAZARA inapokutana na reli ya zamani ya Tanzania, mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Yaani reli iliyojengwa kuwakimbia wa kusini ilifuata kipimo cha kusini! Siwalaumu, mabehewa waliyokuwa nayo Wazambia yalikuwa ya kipimo hicho.

Tuje kwenye migodi yenyewe. Mwaka 1969 Rais Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51. Zikawapo kampuni mbili, na 1982 zikaunganishwa kuwa ZCCM, kampuni moja kubwa ya migodi ya shaba. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kule Kitwe, Chingola na Mufulira, mgodi haukuchimba shaba tu. Nyumba zilikuwa za mgodi. Hospitali ya mgodi, shule ya mgodi. Maji ya bombani yalisukumwa na mgodi, na taka zikazolewa na mgodi. Hata mpira: Kalusha Bwalya, yule aliyeifunga Italia mabao matatu kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, alipitia Mufulira Wanderers, timu ya mji wa mgodi. (Najua hapa nisiendelee na mpira, tutakesha.)

Lakini bei ya shaba ilikuwa imeporomoka tangu katikati ya miaka ya 1970, na nchi haikuwa na kingine cha kuuza cha maana. Uzalishaji uliokuwa umepita tani 700,000 mwaka 1969 ukashuka hadi kama tani 250,000 kufikia 2000. Kati ya 1997 na 2000 migodi ikauzwa vipande vipande. Wanunuzi walitaka mashimo na mitambo. Nyumba wakauziwa wapangaji, wengi wao wakiwa wameshapunguzwa kazini. Maji na taka vikabaki vinatafuta mwenyewe, na mabaraza ya miji hayakuwa na fedha wala mafundi.

Nyinyi wa Muhoroni, Chemelil na Miwani hamhitaji ramani kuelewa ninachosema. Kota, zahanati na shule za huku nyingi zilijengwa na kiwanda cha sukari. Kwa hiyo mkisikia kiwanda kinakodishwa, msiishie kuuliza bei ya tani ya miwa. Ulizeni pampu ya maji ya kota itakuwa ya nani, umeme wake utalipwa na nani, na kama kaunti imetia sahihi kuipokea. Mtake mkataba, mtafute ukurasa unaoitaja pampu.