Nimfuate Nani? Jinsi ya Kula Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Karibuni tena jikoni. Video ya leo ni yako wewe uliyeruhusiwa hospitali juzi, au wiki iliyopita, baada ya upasuaji wa kupunguza uzito. Umelala, simu iko mkononi, na kila unayemfungulia anasema lake. Dada mmoja wa Marekani anakula yai la kukaanga wiki ya pili na anacheka. Kaka wa Nairobi anasema mwezi mzima ni supu tu. Shangazi naye ametuma sauti kwenye grupu la WhatsApp: kunywa uji wa ulezi upate nguvu, usije ukatufia.

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo: nimfuate nani? Twende hatua kwa hatua. Katikati tutawasha jiko, kwa hiyo usiondoke.

Hatua ya kwanza: itoe ile karatasi ya maelekezo uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Iko kwenye mkoba, au imekunjwa ndani ya bahasha ya dawa. Ibandike mlangoni pa friji au ukutani jikoni, mahali ambapo anayekupikia ataiona. Chukua kalamu, uandike juu kabisa aina ya upasuaji uliofanyiwa, tarehe ya upasuaji, na namba ya simu ya kliniki au wodi. Kama karatasi imepotea, usiijazie pengo kwa video, hata hii yangu. Piga simu uombe nyingine. Aliyekupasua ameliona tumbo lako kwa ndani, anajua kama kulikuwa na ngiri aliyoirekebisha au kidonda alichokikuta. Sisi wa mitandaoni hatukijui hata kimoja.

Hatua ya pili: jua ulichofanyiwa. Mtaani wote wanaambiwa "wamekatwa utumbo", lakini hali zao ni tofauti kabisa. Ukifanyiwa slivu, asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula imeondolewa na umebaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Utumbo wako haujaguswa. Ukifanyiwa baipasi, kimetengenezwa kijifuko kidogo sana, mililita 30 hivi, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Hapo sukari ya kwenye chakula inateremkia utumbo kwa kasi. Unakunywa juisi, na kabla ya nusu saa kupita jasho linakutoka, moyo unadunda, tumbo linakata na kuharisha kunafuata. Halafu kuna puto, ambalo si upasuaji. Linaingizwa kwa mdomo, linakaa miezi kadhaa, linatolewa. Mwenye puto hana mshono wowote tumboni unaosubiri kupona, ndiyo maana anafika kwenye chakula kigumu mapema kuliko wewe.

Kwa hiyo kila ushauri unaokutana nao, uulize maswali matatu. Huyu amefanyiwa nini? Yuko wiki ya ngapi? Na je, anajua vipimo vyangu vya damu na dawa ninazotumia? Akishindwa swali moja tu, mtazame kama unavyotazama tamthilia, kisha urudi kwenye karatasi yako.

Hatua ya tatu: ratiba. Hospitali nyingi zinafuata mpangilio unaofanana. Siku moja au mbili za mwanzo ni vimiminika vyepesi unavyoweza kuona kupitia kwavyo: maji, supu iliyochujwa, chai isiyo na sukari. Kisha vimiminika vizito kidogo, kama maziwa na mtindi mwepesi usio na sukari, mpaka wiki ya pili hivi. Wiki ya tatu na ya nne ni chakula kilichosagwa. Baada ya hapo chakula laini, na kuanzia wiki ya sita hadi ya nane unaingia taratibu kwenye chakula cha kawaida. Hospitali yako ikisema sagwa ianze siku ya kumi na ya mwenzako ikisema siku ya kumi na tano, hakuna anayedanganya. Kila timu ina uzoefu wake na namna yake ya kushona. Kosa ni kuokota siku ya kumi kutoka kwa huyu na yai la kukaanga kutoka kwa yule. Ndani kuna mstari mrefu wa pini ulioziba mfuko, na wiki hizi za mwanzo nyama bado inaungana. Ukiusukuma kwa chakula kigumu, ukatapika kwa nguvu, unauweka mshono huo hatarini.

Haya, tuwashe jiko. Hatua ya nne ni chakula chenyewe, na leo nawapikia walio kwenye wiki ya kusagwa.

Nina mnofu mmoja wa sato. Nimeuchemsha na kitunguu, kipande cha karoti na chumvi kidogo. Sijaweka pilipili, sijaweka tui zito, sijaunga kwa mafuta. Sasa sogeza macho hapa kwenye vidole. Mnofu ukiwa vuguvugu, nauvunja vipande vidogo na kila kipande nakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwiba mwembamba wa samaki jicho linaukosa, kidole hakiukosi. Huu hapa, mmeuona? Mwembamba kama unywele. Tulia, maliza mnofu wote.

Weka kwenye blenda, ongeza supu yake vijiko vitatu au vinne, na kijiko kimoja cha chakula cha maziwa ya unga ili kuongeza protini. Saga mpaka sauti ya blenda ibadilike, iwe nyororo. Sasa pitisha kwenye chujio la chai, ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Kinachobaki juu ya chujio si chako wiki hii, wape wengine nyumbani. Chota kidogo ukiinamishe kijiko: kinateleza polepole, hakidondoki kwa mabonge. Hapo kimekuwa tayari.

Usipakue kwenye sahani. Pakua kwenye kikombe kidogo cha kahawa, kile cha kahawa chungu ya barazani, maana kinabeba karibu kiasi chote utakachoweza. Kula kwa kijiko cha chai. Meza, weka kijiko chini, subiri. Dakika ishirini hadi thelathini kwa kikombe hicho ni mwendo mzuri. Mwili utakupa ishara kabla ya maumivu: kwikwi, kupiga chafya, pua kuanza kutiririka kama mafua ya ghafla, au mgandamizo chini ya kifua. Ishara yoyote kati ya hizo ikija, acha hapo hapo hata kama kimebaki kijiko kimoja. Najua tumelelewa kumaliza chakula. Hiki kinachobaki funika, weka kwenye friji.

Turudi kwa shangazi na uji wake. Simkosoi mapenzi yake, lakini kijifuko chako kina nafasi ya vijiko vichache tu, na uji karibu wote ni wanga. Ukikijaza kwa uji, protini inakosa pa kukaa. Miongozo inataka angalau gramu 60 za protini kwa siku, na wengi huelekezwa kati ya 60 na 80. Bila hizo mwili unapunguza misuli pamoja na mafuta, na kidonda kinachelewa kupona. Hesabu ya jikoni ni hii: yai moja lina gramu 6 hivi, robo lita ya maziwa gramu 8, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 7. Ndiyo maana wiki za mwanzo hospitali nyingi huongeza unga wa protini, kwani kwa chakula peke yake hufikii. Akisisitiza uji, mwombe aupike kwa maziwa, mwepesi, bila sukari, ukiwa umeshakula protini yako. Au mwombe mtori wenye nyama ya kutosha, usagwe wote na nyama yake.

Na supu ya makongoro? Hii naisikia kila wiki, kwamba ina protini ya kujenga mwili. Protini iliyomo kwa wingi mle ni ile inayofanya supu igande ikipoa, na haina viambata vyote ambavyo misuli yako inavihitaji. Ikiwa imeenguliwa mafuta, inywe kama kimiminika cha kupasha tumbo. Usiihesabu kwenye zile gramu 60.

Hatua ya tano ni maji. Lengo ni lita moja na nusu kwa siku, na hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu huwezi tena kugugumia glasi. Jaza chupa asubuhi, piga funda dogo kila dakika chache mpaka jioni. Usinywe pamoja na chakula, na ukishakula subiri nusu saa. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, maji hayatoshi. Soda iache. Ndugu zangu Waislamu, Ramadhani ikikuta miezi hii ya mwanzo, saa za usiku hazitoshi kuingiza maji, protini na dawa. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Zungumza na daktari wako kabla ya kurudi kufunga.

Sasa hatua ya sita, tuzipitie zile hoja zinazogombaniwa mitandaoni.

Mrija wa kunywea: wengine wanakataza kwa sababu unaingiza hewa, wengine wanaruhusu. Ushahidi wa kukataza ni mdogo. Hospitali yako ikikataza, tii, hakuna unachopoteza. Kahawa: wengi wanaizuia wiki za mwanzo, baadaye wanairuhusu. Huo ni utofauti wa ratiba tu. Juisi ya matunda, hata ya nyumbani isiyo na sukari ya kuongeza, bado ni sukari nyingi kwa mkupuo, na aliyefanyiwa baipasi itamwangusha.

Yapo mengine sina upole nayo. Chai za "kusafisha tumbo" na "kukata kitambi" nyingi zina dawa ya kuharisha, na wewe huna maji ya kupoteza. Kuna ile ya kurudi kwenye supu kwa siku tano ili mfuko "usinyae" upya: mfuko hausinyai kwa supu. Ukiona uzito umesimama, rudi kliniki. Na aliye baipasi, hata kichwa kikigonga vipi, usiende dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni, zinaleta vidonda pale kijifuko kilipounganishwa na utumbo. Uliza daktari, mara nyingi atakuelekeza parasetamo.

Vidonge vya vitamini kwa aliyefanyiwa slivu au baipasi ni vya maisha, si vya dozi. Pipi za vitamini zinazosifiwa mtandaoni nyingi hazina madini ya chuma ya kutosha, na B1 mara nyingi haimo. Kalsiamu na madini ya chuma vitenganishwe kwa saa mbili, vikimezwa pamoja vinazuiana. B12 wengine watapewa sindano. Nywele zikianza kukatika mwezi wa tatu au wa nne, usikimbilie mafuta ya bei kubwa: kwa wengi zinarudi zenyewe, muhimu protini na damu viwe sawa. Kapime damu.

Na dada zangu, uzazi unaweza kuamka haraka uzito ukishuka, hata kwa aliyehangaika miaka. Miongozo inashauri kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya mimba. Panga uzazi mapema.

Hatua ya mwisho, iandike nyuma ya karatasi yako sasa hivi. Homa, mapigo ya moyo zaidi ya 120 ukiwa umetulia, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, kupumua kwa shida, kinyesi cheusi, au kushindwa kabisa kumeza maji: usiandike swali kwenye grupu, nenda hospitali usiku huo huo. Kutapika kunakoendelea zaidi ya siku mbili, vivyo hivyo.

Ukifika hospitali ambayo si ile iliyokupasua, anza na sentensi hii mapokezi: "Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, aina fulani, tarehe fulani." Kama umekuwa ukitapika kwa siku kadhaa, ongeza: "Naomba daktari afikirie kunipa vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi." Mwili ukiishiwa B1, glukosi ikitangulia inaweza kuudhuru ubongo. Anayekusindikiza naye aijue sentensi hiyo, kwa sababu siku hiyo huenda wewe usiwe na nguvu ya kuongea.