Sampu ya Gia Boksi: Bolti Zinazokatika na Haidroliki Inayovuja

Wadogo zangu wa Mwanjelwa na Uyole, na nyinyi mliopanda kutoka Mafinga na Iringa, kamwene.

Naanza na lawama. Sampu za gia boksi otomatiki, yale mabakuli ya chini yanayoshika haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, tukiletewa zinavuja, wengi tunasingizia mlima Kitonga. Mara nyingi mkosaji ni mkono wa fundi aliyetangulia. Gari linavuja, anakaza. Linavuja tena, anaongeza bomba kwenye spana. Bolti zile nyingi ni za milimita 6, kichwa namba 10, na Toyota nyingi tunazozishika zinataka Nyutoni mita 7 au 8 tu. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Ukizidisha, mdomo wa sampu unapinda kwenye matundu, gasketi inapondeka pale na kulegea kati ya bolti na bolti. Au meno ya alumini yanang'oka, au bolti inakatika.

Sasa, ikigoma kufunguka. Osha tope kwanza. Magari ya Tukuyu yanakuja na shamba zima chini. Mwagia dawa ya kutu, ikibidi ilale nayo. Tumia soketi ya pembe 6, ile ya 12 ndiyo inayokula vichwa. Gonga kichwa kidogo kwa nyundo, kisha ikaze kidogo sana kabla ya kuilegeza. Kichwa kikishalika, pigilia soketi ndogo zaidi, au kibane kwa koleo la kujifunga. Moto unasaidia kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, lakini haidroliki inawaka, kwa hiyo mwaga kwanza na usikaribie sili.

Kichwa kimekatika? Usichukue drili bado. Fungua bolti nyingine zote, teremsha sampu. Mara nyingi utakuta kisiki kimejitokeza, na bila kubanwa na sampu kinazunguka kwa koleo. Kikigoma, chomelea nati juu yake, betri ikiwa imechomolewa.

Kikiwa kimezama, piga alama katikati kabisa, toboa kwa milimita 3, ikipatikana keekee ya kuzunguka kushoto ni bora zaidi. Ile skrubu ya kung'olea visiki, inayopigiliwa kwenye tundu mlilotoboa, msiilazimishe: ikikatikia ndani, ni ngumu kuliko bolti yenyewe na keekee zenu hazitaigusa. Meno yakiharibika, kuna helikoili, ule uzi wa chuma uliojikunja unaoingizwa tunduni kuwa meno mapya. Na funika juu! Vali bodi, inayogawa haidroliki ndani ya gia boksi, iko palepale, unga wa chuma ukiingia umeua gia boksi kwa ajili ya bolti moja.

Kurudisha. Laza mdomo wa sampu kwenye chuma bapa, gonga matundu yaliyovimba. Safisha kwa petroli. Kausha matundu yasiyotokea upande wa pili, maana haidroliki ikibaki humo bolti itaonekana imekaza kumbe imekalia mafuta, na inaweza kupasua alumini. Gasketi ifungwe kavu. Silikoni ni kwa gari lililotoka nayo kiwandani, tena uzi mwembamba. Inayomwagikia ndani huishia kwenye chujio. Anza bolti zote kwa vidole, kaza kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni ni sampu kweli. Osha, paka poda, endesha, chungulia. Paipu ya kupoozea au sili ya mkono wa gia huvuja juu, haidroliki ikatiririka hadi kwenye sampu isiyo na hatia. Ukijaza kupita kiasi nayo hutoa povu na kutokea kwenye tundu la hewa. Pimeni kama kiwanda kinavyosema: gari zenye kijiti, nyingi hupimwa gia boksi ikiwa ya moto, injini ikiunguruma, mahali tambarare. Hapa Mbeya hapo tambarare patafuteni.

Kijana wa nyuma anauliza, akishapita Kitonga akaze tena? Gasketi ya koki, ile ya gome kama kizibo cha chupa, hulegea, ipitie ikiwa imepoa, kwa nguvu ileile. Ya mpira yenye vipete vya chuma, iache.