Reli ya Voi–Taveta: stesheni zilizojengwa kwa vita

WAKIO: Haya karibuni tena wasikilizaji, leo tuko na ile mada watu wa nyumbani mmetuuliza sana, stesheni za zamani za reli hapa kaunti yetu ya Taita Taveta. Mimi ni Wakio, niko na kaka Juma hapa, na naona leo kaja na daftari zima.

JUMA: Nimekuja nalo dadangu, manake wiki mbili zilizopita nlitoka Voi nikaifuata ile reli ya Taveta hadi Maktau, pikipiki pale njia inakubali, miguu pale inakataa, na nimerudi na roho nzito kidogo.

WAKIO: Ulikuta nini?

JUMA: Kuna pahali kabla hujafika Maktau, mgunga umeota katikati ya mataruma, ukanenepa hadi umeikumbatia reli upande mmoja, yani chuma kimeingia ndani ya ganda la mti. Nikasimama hapo nikaushika ule mti. Mti kama huo haukui kwa siku mbili, sio?

WAKIO: Wallahi. Sasa tuanze na ile reli kubwa kwanza, alafu twende Taveta.

JUMA: Sawa. Reli ya Uganda ilianzwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikamalizikia Kisumu 1901. Na kitu watu wanasahau ni hiki, stesheni hazikuwekwa pale watu wanakaa, ziliwekwa pale treni inahitaji. Injini ya moshi inakunywa maji, na kutoka pwani hadi Voi ni nyika ya Taru tupu, maji shida. Alafu njia ni moja tu, treni mbili zikikutana lazima moja iingie pembeni isubiri nyingine ipite, so kila baada ya mwendo fulani lazima uweke stesheni hata kama hapo ni vichaka na swara tu. Mji unakuja baadaye. Ndo maana ukiangalia Voi mjini zile nyumba za zamani zinaangalia stesheni, lami ilikuja nyuma sana.

WAKIO: Na watu wakisikia Tsavo wanakumbuka simba tu.

JUMA: Wale waliokula vibarua wa reli 1898, ndio, mhandisi wa reli Patterson aliwaua mwezi wa Desemba mwaka huohuo na ngozi zikaishia Chicago kwenye jumba la Field Museum, hiyo kila mtu anaijua. Mimi nataka watu wajue pia kwamba vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India na kama 2,500 walifia kazini, kwa magonjwa na ajali zaidi kuliko simba. Na wenyeji waliobeba mizigo na kukata njia, hao hata hawatajwi.

WAKIO: Haya, sasa Taveta.

JUMA: Taveta ni hadithi tofauti kabisa. Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza, Wajerumani walivuka kutoka koloni lao la Tanganyika wakaiteka Taveta, ni ardhi ya Waingereza hiyo, na wakawa wanakuja usiku kutega mabomu kwenye reli kubwa. Wajerumani wenyewe walikuwa na reli yao kutoka Tanga, imeshafika Moshi tangu 1911. Waingereza wakaona bila reli hawawezi kupeleka jeshi pale nyikani, so 1915 wakaanza kutandika kutoka Voi, Mwatate, Bura, hadi Maktau, kwa haraka ya vita, maji yenyewe inabidi yasafirishwe. Februari 1916 wakapigana pale kilima cha Salaita, wakapigwa wakarudi, Machi wakaichukua Taveta, na mwaka huohuo reli ikaendelezwa ikaungana na ile ya Wajerumani pale Kahe.

WAKIO: Kwa hivo hizo stesheni zote zilikuwa ni kambi.

JUMA: Kambi. Hakuna mtu alikaa chini akasema hawa Wataita wanahitaji usafiri. Ilikuwa ni mizinga, nyumbu na wanajeshi. Makaburi ya vita yako Voi, yako Maktau, yako Taveta, yanafuatana na reli.

WAKIO: Alafu sasa niseme mimi, kwa sababu hapa ndo pananigusa. Nyanyangu alikuwa akiuza ndizi na mahindi ya kuchemsha pale Mwatate. Alikuwa anatuambia hakuwa na saa, hakuhitaji. Walikuwa wakigonga kile kipande cha reli kilichoninginizwa, maana yake treni imetoka stesheni ya nyuma, basi yeye anaepua sufuria, anapanga mahindi kwenye ungo, anajitwika, anashuka, na akifika plat-fomu treni nayo ndo inaingia. Mahindi yanafuka moshi bado! Watu wa daraja la tatu wananunua dirishani, pesa inarushwa, chenji inarushwa. Alisomesha watoto na hiyo kazi. Kwa hivo hata kama ilijengwa kwa vita, ni kina nyanya ndo waliifanya ikawa stesheni.

JUMA: Na katani, usisahau katani.

WAKIO: Mkonge ndio, Mwatate na Taveta, mabehewa kwa mabehewa kwenda bandarini.

JUMA: Kilichoivunja nguvu ile njia ni 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli la pamoja likagawanywa, mpaka na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Sasa reli ambayo faida yake ni kuunganisha Voi na Moshi, ukiikata Taveta, imebaki kama kamba imekatwa mwisho. Alafu malori. Alafu SGR, ile reli mpya ya Mombasa–Nairobi, 2017, na treni ya abiria ya reli ya zamani Nairobi–Mombasa nayo ikasimama mwaka huo.

WAKIO: Stesheni ya kisasa Voi ni nzuri jamani, tusiwe wachoyo wa kusifu. Safi, haraka. Lakini pale ndani mama wa mahindi hana pa kusimama.

JUMA: Na zile za zamani zinaliwa na skrapu. Mataruma ya njia yetu mengi ni ya chuma, mtu anafungua bolti usiku, asubuhi yako kwenye mizani.

WAKIO: Sasa tufanye nini? Manake nimeona Nanyuki, njia ilikuwa imekufa, wakaifufua, treni ya abiria ikarudi 2020. Inawezekana.

JUMA: Inawezekana, lakini mimi sitaki tusubiri treni. Lile jengo la stesheni ya zamani lina kuta, lina kivuli, wapeni watu wa pale. Likiwa maktaba ya watoto sawa, likiwa soko sawa, wageni wanaofuata historia ya vita walipie kuingia, pesa ibaki kijijini. Jengo likikaliwa haling'olewi mabati. Na wale wazee wa gengi, waliokuwa wakitembea na nyundo kukagua njia, bado wako wachache, tuwarekodi sasa, sio mwakani.

WAKIO: Kama una babu wa reli tuandikie, tutakuja na maikrofoni, hata kama ni juu kule Wundanyi.

JUMA: Alafu nikwambie ya mwisho. Karibu na Maktau nlipita kwenye shule ya msingi, nikaona kengele yao ni kipande cha reli, kimening'inizwa kwa waya kwenye mwarobaini, na ubavuni kina herufi zilizochongwa, kutu imezila sikuweza kuzisoma zote. Nikamuomba mtoto mmoja anigongee nisikie ile sauti.

WAKIO: Akagonga?

JUMA: Akaniambia, bado mjomba, saa haijafika.