Kabla Hujatia Saini: Kozi za Chuo kwa Watoto Walioko Sekondari
(Mhadhara kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Columbus, Ohio)

Wazazi wangu, wenye kustahili shikamoo nawaamkia, na wenzangu habari za jioni. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja na wengine mnaingia zamu saa nne usiku, kwa hiyo sitaeleza shule za Marekani zikoje. Mnaishi humu humu. Nimekuja kwa ajili ya ile karatasi ambayo mtoto anakuletea jikoni, anasema, "Mama, weka saini hapa," nawe unafuta mikono, unaweka. Usisaini kabla ya kuuliza: hili nimelisema kanisani, nimelisema msikitini, nimelisema hadi kwenye vikao vya harusi, na nitaendelea kulisema mpaka lisikike.

Karatasi hiyo mara nyingi ni ya College Credit Plus. Ni mpango wa jimbo letu la Ohio, ulianza mwaka wa masomo wa 2015, na unamruhusu mtoto wa darasa la 7 hadi la 12 kusoma kozi ya chuo akiwa bado shuleni. Kozi moja inahesabiwa kotekote, sekondari na chuoni. Akiisomea katika chuo cha umma, kama Columbus State, hulipi ada wala vitabu. Naona baba mmoja pale anatikisa kichwa, na neno lake nalijua: hapa Marekani hakuna cha bure. Ni kweli, baba. Kimelipwa. Fedha za jimbo zilizokuwa ziende shuleni kwa mwanao ndizo zinazokatwa na kupelekwa chuoni. Kodi yako imo humo. Hakuna anayekupa sadaka, kwa hiyo usione haya kuuliza maswali.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tunapoumizwa.

Kuna familia moja ninayoifahamu, watu wa Uvira, Kongo, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Binti yao mkubwa alikuwa darasa la 11, mwenye bidii, walimu wote wanamsifu. Akachukua kozi mbili chuoni, Kiingereza cha uandishi na saikolojia. Wazazi wakafurahi, wakapiga simu hadi Bukavu kwamba binti ameanza chuo. Masomo yenyewe yalikuwa Jumanne na Alhamisi asubuhi. Kwa hiyo Jumatatu saa nne asubuhi mama anarudi kutoka zamu ya usiku kwenye ghala, anamkuta binti mezani na kompyuta. Mama anafikiri nini? Mtoto leo hana shule. "Basi mpeleke mdogo wako kwa daktari wa meno." Jumatano: "Nenda na shangazi yako ukamtafsirie kwenye ofisi ya msaada wa chakula." Ijumaa kuna msiba, kuna kupika. Na yule binti hakusema kitu. Ninyi mnajua mlivyomlea. Atamwambiaje mama yake aliyesimama usiku kucha akipanga maboksi kwamba hana nafasi?

Kumbe kozi ya krediti tatu, yaani ya kama saa tatu za darasani kwa wiki, haiko darasani peke yake. Kwa kila saa moja ya darasani, chuo kinamtarajia mwanafunzi asome mwenyewe saa mbili, hata tatu. Kozi ile moja ni kama saa tisa kwa wiki, na sita kati ya hizo ni zile alizokuwa kwa daktari wa meno na kwenye foleni ya shangazi. Insha ya kwanza akaichelewesha, ya pili akaiandika usiku wa manane. Desemba akapata D katika Kiingereza na F katika saikolojia. Binti aliyekuwa wa A tangu afike nchi hii! Nyumba ile haikuwa na mvivu hata mmoja, wala mzazi asiyependa mtoto wake. Mama hakuambiwa kwamba siku isiyo na kipindi ni siku ya kazi. Na aliyepaswa kumwambia alimpa karatasi ya Kiingereza akamwonyesha pa kusaini.

Mtu ataniambia, "Mwalimu, alama mbaya ya sekondari si mwisho wa dunia, atarudia." Hapana. Ile si alama ya sekondari tu. Imeandikwa kwenye transkripti ya chuo, yaani rekodi rasmi ya alama zake, na transkripti ya chuo inamfuata. Akifika miaka 18 na kuomba chuo kingine, ataambiwa aipeleke. Akiomba msaada wa fedha wa serikali, chuo kinapima maendeleo yake, na zile krediti alizofeli akiwa na miaka 16 zinaweza kuingizwa kwenye hesabu. Juu ya hayo, mtoto akifeli kozi, au akiiacha baada ya muda kupita, shule inaweza kuidai familia gharama. Tarehe ya kuacha bila hasara inakuja haraka mno, wiki mbili hivi tangu masomo yaanze. Iulizeni tarehe hiyo kabla ya kitu kingine chochote, muiandike kwenye kalenda ya ukutani.

Na kuna jambo linalowachoma sana kina mama. Unapiga simu chuoni kuuliza mwanangu anaendeleaje, unaambiwa hatuwezi kukueleza. Mtoto ana miaka 15, unamlisha, unamvisha, na mtu anakukatalia! Si dharau. Kuna sheria ya mwaka 1974 inayoitwa FERPA. Mtoto akishaingia chuo, haki juu ya rekodi za chuo ni zake, hata awe mdogo. Lakini rekodi zilizoko sekondari bado ni haki yako mpaka afike miaka 18, na chuo kinatuma alama zake sekondari. Kwa hiyo usigombane na chuo. Nenda kwa kaunsela wa shule, yule mshauri wa wanafunzi. Vilevile mtoto anaweza kusaini kibali chuoni kwamba mzazi aelezwe. Saini hiyo itakeni siku ile ile mnayoweka yenu.

Basi tuwakataze? Mimi sijasema hivyo, na mzazi atakayetoka hapa akaenda kukataa fomu hatakuwa amenisikia. Mtoto aliyejiandaa, nyumbani ameachiwa saa zake, anaweza kumaliza sekondari akiwa na krediti 15 au 30 mkononi. Krediti 30 ni kama mwaka mzima wa chuo ambao hamtaulipia. Watoto wa majirani zenu wanafanya hivyo kila mwaka. Wetu wanakosa kwa sababu barua imekaa juu ya friji mpaka tarehe imepita. Kila mwaka shule inatakiwa kuitisha kikao cha kuueleza mpango huu. Nendeni, na ombeni mkalimani mapema. Mtoto asiwe mkalimani wa mambo yake mwenyewe. Atatafsiri yale anayoyapenda. Taarifa ya kwamba mtoto anakusudia kushiriki hutolewa kufikia tarehe 1 Aprili. Ukichelewa, utahitaji ridhaa ya mkuu wa shule.

Naonyeshwa saa, niseme haraka.

AP, yaani Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, ni njia nyingine. Anasoma shuleni kwake, na mwalimu wake wa kawaida, mwaka mzima, kisha Mei anafanya mtihani unaosahihishwa kwa alama 1 hadi 5. Hii waliosoma Kidato cha Sita mtaielewa upesi, maana krediti iko kwenye mtihani. Vyuo vya umma vya Ohio vinatoa krediti kwa alama 3 na kuendelea. Akipata 1 au 2, mtihani ule haumharibii transkripti ya chuo, na ndiyo maana kwa mtoto ambaye Kiingereza bado kinamsumbua napenda aanzie huku. Ada ya mtihani ni karibu dola 100, kuna punguzo kwa kipato kidogo, lakini kujiandikisha kunafungwa Novemba, si Mei. Novemba!

Kuhamisha krediti: kozi zilizo ndani ya Ohio Transfer 36, ile orodha ya kozi za msingi za chuo, zinapokelewa na vyuo vyote vya umma vya jimbo hili. Vyuo binafsi, na vya majimbo mengine, vinaamua vyenyewe. Kama mtoto anaota chuo cha mbali, aandikie chuo hicho kwanza.

Nilitaka kusema juu ya IB, yaani International Baccalaureate, mpango mwingine wa masomo ya juu ya sekondari, na juu ya kozi za mtandaoni, muda hautoshi. Wenye barua za shule mikononi njooni hapa mbele tuzisome moja moja, na mama mwenye mtoto mgongoni aanze, ana basi la kuwahi.